Mlo, vidonge na ubongo wa uzeeni

Mei 2023 vyombo vya habari vya afya vilitangaza kwamba wazee wa Marekani waliomeza kidonge kimoja cha multivitamini kila siku walikumbuka maneno vizuri kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani. Miezi miwili baadaye, Julai mwaka huohuo, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la mlo uliokuwa umesifiwa kwa miaka minane kuwa mlinzi wa ubongo. Baada ya miaka mitatu, waliofuata mlo huo hawakuwa na tofauti ya maana na waliobaki na vyakula vyao vya kawaida huku wakivipunguza kidogo. Aliyesoma habari zote mbili angeweza kudhani kwamba kidonge kimeishinda sahani. Hitimisho hilo si sahihi, lakini ndilo linalouza.

Kwetu Afrika Mashariki habari hizo zimefika zikiwa zimetiwa chumvi. Kwenye makundi ya WhatsApp manjano, mlonge, habbat soda, mafuta ya nazi na mafuta ya samaki vyote vinatajwa kuwa dawa ya kusahau. Mawakala wa virutubisho huvinadi kwenye semina na redioni, na kopo moja linaweza kumeza sehemu kubwa ya pesa ambazo mtoto wa mjini humtumia mama yake kijijini. Wanaonunua wengi wao wana uchungu wa kweli: wamemwona mzazi akisahau jina la mjukuu, akiacha jiko likiwaka, akipotea njia aliyoipita miaka hamsini. Wanastahili jibu lililo wazi. Je, kinachoingia mdomoni kinaweza kuchelewesha kuchakaa kwa akili? Kwa njia gani, kwa nani, na kwa kuacha nini?

Kinachotokea ubongoni

Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu anapokuwa amepumzika. Hauna akiba ya maana. Unategemea damu iulete sukari na oksijeni bila kukatika. Kwa sababu hiyo, kinachoharibu mishipa ya damu huuharibu ubongo pia. Mara nyingi huanza na mishipa midogo iliyo ndani kabisa, ambayo ikiziba haimwangushi mtu kama kiharusi kikubwa. Mtu anaendelea kutembea na kuongea huku uwezo ukimtoka kidogokidogo.

Kuzeeka kwenyewe huupunguza ubongo ukubwa na kasi. Jina hukawia kuja, hesabu huchukua muda, lakini maisha yanaendelea. Dimenshia ni hali nyingine: kumbukumbu, lugha na uamuzi hushuka mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Chanzo chake kikubwa ni ugonjwa ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, ambapo protini ziitwazo amiloidi na tau hujikusanya ubongoni na chembe za neva hufa. Chanzo kinachofuata ni uharibifu wa mishipa ya damu. Kwa wazee wengi, hasa waliovuka miaka 80, magonjwa yote mawili hukutana katika kichwa kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu haina msingi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, uliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiwango cha dimenshia, kikisawazishwa kwa umri, kilikuwa asilimia 6.4. Katika vijiji vingi watu hao huambiwa tu kwamba ni uzee, au kwamba wamerogwa.

Kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulishika kabla ya kuendelea, kwa sababu ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya mkanganyiko. Mabadiliko ya Alzheimer huanza ubongoni miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Jaribio la miaka miwili kwa watu wa umri wa miaka 70 kwa hiyo huanza likiwa limechelewa, na likishindwa haliwezi kutuambia mlo huohuo ungefanya nini tangu umri wa miaka 45. Upande wa pili nao una mtego. Ugonjwa uliokwisha kuanza kimyakimya hubadilisha hamu ya kula, hupunguza uzito na humfanya mtu asahau kupika. Anayechunguza mlo wa mtu huyo anaweza kuona chakula kibaya na kukiita chanzo, kumbe ni dalili.

Hoja ya kwanza: ubongo uliopungukiwa

Wanaotetea virutubisho wana historia upande wao, na ni historia yenye nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani zilijaa watu wenye pelagra: ngozi iliyobambuka, kuhara, kisha akili kuvurugika. Wengi waliamini ni maambukizi. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo ni mlo wa maskini uliosimama juu ya mahindi, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem alitambua kuwa kirutubishi kinachotibu ni niasini. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuifikia vizuri. Jambo hili halijaisha na karne ile. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata mlipuko wa pelagra uliowakumba watu zaidi ya 17,000 baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula. Walibaki na mahindi, na mahindi peke yake hayakutosha.

Upungufu wa vitamini B1 ni mfano mwingine. Mnywaji wa pombe kali asiyekula anaweza kupoteza kumbukumbu kabisa, na akicheleweshewa vitamini hiyo uharibifu haurudi nyuma.

Kwa mzee wa leo, hata hivyo, jina muhimu zaidi ni B12. Vitamini hii hupatikana kwenye vyakula vya asili ya wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa wanaoliwa wazima, mayai, maziwa. Kadiri umri unavyosogea, tumbo la wengi hupunguza asidi, na bila asidi B12 haitoki vizuri kwenye chakula. Mzee anaweza kuwa anakula maini na bado akapungukiwa. Dawa nazo zinachangia. Metformin, ambayo ndiyo dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi zaidi katika eneo letu, hupunguza kiwango cha B12 ikitumiwa kwa miaka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuwapima wagonjwa wenye dalili au walio katika hatari. Omeprazole, ambayo watu huinunua dukani na kuimeza miezi kwa miezi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ina tabia hiyohiyo.

Upungufu wa B12 huleta ganzi miguuni, kuyumba, huzuni na kusahau. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa sindano au vidonge vya bei nafuu, na akili inaweza kurejea. Mimi naona hapa ndipo penye hasara inayoumiza kuliko zote katika suala hili lote: mtu ananunuliwa makopo ya unga wa mitishamba ya ng'ambo, huku kipimo kimoja cha damu kingeonyesha kasoro inayorekebishika.

Udhaifu wa hoja hii hutokea inapovutwa kupita mpaka wake. Kibatari kilichokaukiwa mafuta huwaka kikijazwa. Kilichojaa hakiongezi mwanga kwa kumiminiwa zaidi. Kutokana na ukweli kwamba kukosa B12 huharibu akili, hatuwezi kuhitimisha kwamba kuizidisha huinoa. Vitamini nyingine zikizidi zina madhara yake. B6 ya kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva, na asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12 wakati neva zinaendelea kuumia.

Hoja ya pili: mlo mzima

Kundi la pili linasema virutubishi havifanyi kazi kimoja kimoja. Kinachohesabika ni sahani kwa ujumla: mboga za majani, kunde na maharage, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga na mafuta ya mimea, huku nyama nyekundu, sukari na vyakula vya viwandani vikipunguzwa. Mfano wake mashuhuri ni mlo wa nchi za Mediterania. Mwaka 2015 Martha Clare Morris wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, alitoa toleo lililolenga ubongo, likaitwa mlo wa MIND, linalotilia mkazo mboga za majani na matunda ya jamii ya beri. Katika wazee aliowafuatilia, waliokaribia zaidi mlo huo walikuwa na hatari ya Alzheimer iliyo chini kwa asilimia 53 kuliko waliokuwa mbali nao.

Asilimia 53 ni tarakimu inayovutia sana, na ndiyo maana inahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Ilitokana na kuwafuatilia watu waliojichagulia wenyewe chakula. Anayekula samaki na mboga kila siku, Chicago au Nairobi, mara nyingi ndiye aliyesoma zaidi, mwenye bima ya afya, anayefanya mazoezi na asiyevuta sigara. Watafiti hujaribu kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini zinazopimika tu ndizo zinazoondoka.

Njia ya kukwepa mtego huo ni kugawa watu kwa kura. Katika utafiti wa PREDIMED wa Hispania, kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni, jingine lozi na jamii zake, la tatu likashauriwa kupunguza mafuta. Matokeo ya sehemu yake ya Barcelona, yaliyochapishwa mwaka 2015 kwa watu 447 waliofuatiliwa miaka minne hivi, yalionyesha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri vikiwa bora kwa waliopewa vyakula hivyo. Ni matokeo mazuri, ingawa utafiti mkuu wa PREDIMED ulilazimika kuondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kubainika kuwa katika baadhi ya vituo ugawaji haukufuata kura ipasavyo.

Kisha likaja jaribio la MIND la mwaka 2023. Watu 604 wenye uzito uliozidi na historia ya dimenshia katika familia waligawanywa, na makundi yote mawili yakashauriwa kupunguza kidogo kiasi cha chakula. Wote walipungua takriban kilo tano. Wote walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko mwanzo. Tofauti kati yao ndiyo haikuonekana. Wapo waliolitangaza kuwa kaburi la mlo wa MIND, na nadhani walikwenda mbali mno. Kundi la kulinganishwa nalo lilikuwa linapunguza uzito na kupata ushauri wa lishe. Halikuwa kundi la watu walioachwa wale kama zamani. Miaka mitatu, tena, ni mifupi kwa ugonjwa unaojengeka kwa miaka 20. Lakini wanaoutetea mlo huo nao wanatakiwa kukiri kwamba asilimia 53 haikujirudia hata kwa sehemu pale ilipojaribiwa kwa kura.

Ushahidi unaonishawishi zaidi katika kundi hili ni ule ambao haukuutenga mlo peke yake. Nchini Finland, Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa na dalili za hatari. Nusu yao walipewa kwa miaka miwili mlo bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa karibu wa presha, sukari na lehemu. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kupanda kwa alama za jumla za akili kukiwa kukubwa kwa asilimia 25 kuliko kwa wenzao waliopata ushauri wa kawaida. Jaribio la Marekani lililofuata mtindo huo kwa watu zaidi ya 2,100, likatoa matokeo mwaka 2025, lilikuta mwelekeo uleule. Udhaifu wake uko wazi: hatuwezi kusema ni sehemu gani ya faida ilitoka jikoni.

Hoja ya tatu: kidonge kwa aliyeshiba

Ni hapa ambapo biashara ni kubwa na ushahidi ni mwembamba.

Majani ya ginkgo yaliuzwa kwa miongo kama dawa ya kumbukumbu. Yakajaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: dimenshia haikupungua. Mafuta ya samaki yana mantiki nzuri, maana mafuta ya omega-3 ni sehemu ya utando wa chembe za ubongo, na wanaokula samaki huonekana kuwa na afya bora. Hata hivyo vidonge vya omega-3 havikuleta nafuu katika jaribio la miezi 18 la watu 402 wenye Alzheimer, lililochapishwa mwaka 2010, na majaribio kwa wazee wasio wagonjwa nayo hayakuonyesha kinga.

Vitamini E inafundisha zaidi, kwa sababu ina pande mbili. Kwa maveterani 613 wa Marekani waliokuwa tayari na Alzheimer ya kiwango cha chini na cha kati, dozi kubwa ilipunguza kasi ya kushindwa shughuli za kila siku kwa asilimia 19 kwa mwaka; kumbukumbu yenyewe haikunufaika. Kwa upande mwingine, jaribio kubwa la wanaume wenye afya lilikuta mwaka 2011 kwamba waliomeza vitamini E walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Kidonge kinachomfaa mgonjwa chini ya uangalizi wa daktari kinaweza kumdhuru jirani yake mzima anayejikinga.

Vipi kuhusu multivitamini? Utafiti wa COSMOS uliwahusisha Wamarekani zaidi ya 21,000, na katika sehemu zake tatu zilizopima akili, kidonge cha kila siku kilileta nafuu ambayo watafiti waliilinganisha na kuchelewesha uzee wa akili kwa takriban miaka miwili. Huo ni utafiti wa kura, mkubwa na uliojirudia, na haufai kupuuzwa. Lakini ulipima alama za mitihani ya kumbukumbu, haukupima kama watu wachache zaidi walipata dimenshia. Pia kuna utafiti wa awali wa madaktari wanaume wa Marekani, 5,947 kati yao wakiwa na miaka 65 na zaidi, waliomeza multivitamini au kidonge kitupu kwa miaka 12 bila tofauti ya akili kuonekana. Inawezekana madaktari hao walikuwa wanakula vizuri mno kiasi cha kutopungukiwa. Kama ndivyo, tunarudi kwenye hoja ya kwanza: kidonge kiliwafaa wale waliokuwa na pengo.

Utafiti wa Oxford unaelekea hukohuko. Mwaka 2010 timu ya David Smith iliripoti kwamba vitamini B12, B6 na asidi ya foliki vilipunguza kasi ya kusinyaa kwa ubongo kwa takriban asilimia 30 kwa wazee walioanza kusahau. Kwa waliokuwa na kiwango kikubwa cha homosisteini kwenye damu, ambayo huashiria uhaba wa vitamini hizo, faida ilizidi asilimia 50. Jaribio lilikuwa dogo, watu 168 ndio waliokamilisha picha za ubongo. Bado linatuonyesha swali la kuuliza kabla ya kununua: damu ya mtu huyu inasemaje?

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019, lilisema mlo wa aina ya Mediterania unaweza kupendekezwa, na kwamba vitamini B, vitamini E, omega-3 na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kwa ajili ya kupunguza hatari ya dimenshia. Matokeo ya COSMOS yalikuja baadaye, na yanaweza kuilegeza kauli hiyo kidogo. Hayaipindui.

Madai yasiyo na ushahidi yanazidi kuenea kwa sababu za kisheria pia. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, kirutubisho huingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kuwa kinafanya kazi. Prevagen, kidonge chenye protini iliyogunduliwa kwa kiwavi wa baharini na kilichotangazwa kwa miaka kuwa huimarisha kumbukumbu, kilishtakiwa na serikali mwaka 2017. Amri ya mahakama ya kuzuia madai hayo ilitoka Desemba 2024. Zaidi ya miaka saba ya kesi, na matangazo yakiendelea muda mwingi. Bidhaa za namna hiyo zinapofika Dar es Salaam au Mombasa, hufika na neno "imethibitishwa Marekani" likiwa limebandikwa juu.

Chakula cha mababu kina nafasi gani?

Wapo wanaosema jibu liko shambani kwetu, na hawasemi bure. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, waliwalinganisha Wayoruba na Wamarekani Weusi wenye miaka 65 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha visa vipya vya dimenshia vya asilimia 1.35 kwa mwaka Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis. Watu wa Ibadan walikuwa na mlo wenye mafuta na nishati kidogo, na presha, kisukari na lehemu vilikuwa chini. Ila walitofautiana pia kwa kazi, kutembea, mitandao ya familia na mengine mengi.

Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 katika Nature Medicine unatugusa moja kwa moja. Watanzania na Waholanzi, wakiongozwa na Godfrey Temba na Quirijn de Mast, waliwapa wanaume 77 wenye afya majukumu tofauti. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamia kwa wiki mbili kwenye mlo wa kimagharibi. Wengine walifanya kinyume. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Mlo wa kimagharibi ulipandisha viashiria vya mchochota kwenye damu; chakula cha asili na mbege vilivishusha, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Mchochota wa muda mrefu ni miongoni mwa njia zinazodhaniwa kuuchosha ubongo.

Nafurahi kuona kazi ya namna hii ikifanyika nyumbani, na ndiyo maana sitaki ibebeshwe mzigo isioweza. Haikupima kumbukumbu. Washiriki walikuwa wanaume vijana, na wiki mbili si maisha. Mbege ni pombe, na pombe nyingi iko kwenye orodha ya vihatarishi vya dimenshia. Tena si kila cha asili ni kizuri kwa mishipa: papa mkavu na ng'onda wa pwani ni samaki, lakini wamejaa chumvi, na wasiporowekwa vizuri faida ya samaki huliwa na madhara ya presha. Kuhusu manjano, kiini chake hufyonzwa kwa shida mno mwilini. Mafuta ya nazi hayana jaribio kubwa linaloyaunga mkono. Vyote viwili ni viungo vizuri vya mchuzi.

Njia ya mishipa

Hadi hapa mjadala umekuwa kuhusu kuongeza kitu ubongoni. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, umekaa upande mwingine: kuzuia mishipa isiharibike.

Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2024 vihatarishi 14 vinavyoweza kubadilishwa, na kukadiria kuwa vikishughulikiwa vyote karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mlo haumo kwenye orodha kwa jina lake. Umo kwa majina ya kazi zake: presha, kisukari, unene, lehemu mbaya, pombe. Mtu anayetafuta chakula cha ubongo aanze kuuliza chakula kinaifanya nini presha yake.

Nchini China, katika vijiji 326, wahudumu wa afya wa vijijini wasio madaktari walikabidhiwa kazi ya kushusha presha kwa dawa za bei nafuu na ushauri wa mlo. Watu karibu 34,000 walihusika. Baada ya miaka minne, dimenshia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15, kwa taarifa ya mwaka 2025. Hakuna kidonge cha kirutubisho kilichowahi kuonyesha kitu cha namna hiyo. Katika vijiji vingine 600 vya nchi hiyohiyo, kubadilisha tu chumvi ya jikoni kwa iliyochanganywa na potasiamu kulipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, lakini kwa wengine ni hatua ndogo yenye faida kubwa.

Sisi tuna sababu ya kuharakisha. Utafiti wa kiharusi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, umri ukisawazishwa, zaidi ya visa 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na takriban 110 wilayani Hai. Tofauti hiyo ya karibu mara tatu ni ya nchi moja. Chipsi za kila jioni, soda, viungo vya mchuzi vyenye chumvi nyingi, kukaa kwenye foleni saa tatu: hayo ndiyo yanayojenga dimenshia ya mwaka 2045, na wanaoijenga sasa wana miaka 45.

Tukiweka kwenye mizani

Mwenye umri wa kati na mwenye afya, faida yake kubwa iko kwenye presha na kisukari. Kwake sahani ya mchicha au kisamvu, maharage, dagaa na dona, yenye chumvi ndogo, inaungwa mkono na ushahidi wa kutosha kwa ajili ya moyo, na wa kiasi kwa ajili ya ubongo. Gharama yake si kubwa, ingawa tusijidanganye: dona hupigiwa chapuo na wasiolazimika kulipika kwa mkaa wa bei ya leo, na maharage hula kuni.

Mzee anayeanza kusahau anahitaji kwanza kupimwa: B12, tezi ya shingo, sukari, presha, usikivu, macho, na dawa zote anazotumia zipitiwe. Anayetumia metformin kwa miaka, asiyekula vitu vya wanyama, au aliyekonda, hoja ya vidonge ina nguvu kwake. Anayetumia warfarin au aspirini asipewe ginkgo bila daktari kujua, kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu. Multivitamini ya bei ya kawaida haina ubaya mkubwa, na huenda ikamfaa. Ya bei ya kumfilisi haina ushahidi unaoizidi ile ya kawaida.

Aliyekwisha kuugua dimenshia ana hatari nyingine ambayo makala nyingi za lishe huisahau: njaa. Husahau kula, meno hayapo, kumeza kunakuwa kugumu, uzito unaporomoka. Kumnyima nyama, sukari au mafuta kwa jina la mlo wa ubongo ni kumdhuru. Uji wa maziwa na karanga, yai, mchuzi wa samaki uliotolewa miiba, na mtu wa kukaa naye akimlisha polepole, vina thamani kwake kuliko kopo lolote.

Upande wa serikali, Kenya iliwatuma mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakiwa na mabegi yenye vipima presha na sukari, na Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024. China imeonyesha kazi ambayo watu wa namna hiyo wanaweza kuifanya vijijini kwa ajili ya ubongo. Kinachotakiwa ni wafike kwa wenye miaka 40 na 50 wanaojiona wazima, wawapime, na dawa za presha zisikosekane zahanati mwezi unaofuata.